Povu la Saa ya Futari

Jumatatu, 13 Machi 2023

Jennifer, mkuu wangu wa kazi, anataka kila kitu kwa Kiingereza na kwa sentensi fupi: maji yako vipi, rangi gani, harufu gani. Hayo nayaandika na nampelekea. Haya ya huku ni yangu. Mtu hawezi kushinda ndani ya buti za mpira msimu mzima halafu asiwe na pa kusemea.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuma ya nyumba za Hounslow, huku London, kunapita kijito, chembamba, mwenye miguu mirefu anakiruka. Kinakwenda kuingia mto Thames. Thames zamani ulikuwa na samoni wa kutosha, watu wakaujaza uchafu mpaka samaki wakakimbia. Sasa shirika letu limejenga ngazi ya brashi, nyuzi ngumu za kujishikizia, kwenye kizingiti cha saruji kilichokinga kijito, ili watoto wa mikunga waweze kupanda juu. Mkunga ni kinyume cha samoni: anazaliwa bahari kuu, mbali huko Atlantiki, anakuja mtoni kukua. Wanafika mwezi wa nne. Mie ndiye wa kupima kama maji ya juu ya kizingiti yatawaua au hayatawaua. Nikiandika hatari ni ndogo, mlango wa ngazi unafunguliwa. Nikiandika ni kubwa, wanabaki chini kwenye Thames, na huku juu kunabaki kimya kama kulivyokuwa.

Mama akiniuliza nafanya kazi gani humwambia nachunga samaki. Anasema, "Samaki huvuliwa, hawachungwi. Ndo mana hujaolewa tena."

Haya.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua. Buti la kushoto linavuja.

Jumanne, 21 Machi

Parminder kaja leo. Ni mama wa Kipunjabi wa Southall, hapo jirani, kazaliwa Kisumu, mwalimu mstaafu, anajitolea kwetu siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza nilimsikia akimgombeza mbwa wa watu kwa Kiswahili, nikataka kumkumbatia. Kiswahili chake kinanichekesha. Changu yeye anasema ni cha taarifa ya habari.

Tulikwenda pale bomba kubwa la mvua linapomwaga kijitoni. Bomba hili lilijengwa libebe maji ya mvua tu, ya mapaa na ya barabara. Maji ya jikoni na ya chooni yana bomba lao, linakwenda kusafishwa. Lakini leo mbingu kavu, na bomba la mvua lilikuwa likitoa maji ya vuguvugu yenye povu.

"Hii si mvua," Parminder akasema. "Mvua gani inanuka sabuni ya maua?"

Tumefunga hapo mashine inayopima maji usiku na mchana. Jennifer keshaamua. Juu ya bomba hilo kuna dobi, mwanamke anayefua mashuka ya hoteli za uwanja wa ndege. "Ni yeye tu," anasema. Sina sababu ya kubisha.

Ijumaa, 24 Machi

Ramadhani mosi. Wasomali wa jirani wameanza jana. Sisi tumengoja mwezi wa nyumbani. Mama haamini mwezi ulioonwa na mtu asiyemjua kwao.

Tumefuturu kwake: tambi, muhogo wa nazi, kaimati, uji wa pilipili manga uliotutoa machozi. Kaka Harith kaja na wanawe, kala kama mtu anayelipiza kisasi. Vyombo nimeosha mie, uani.

Ule uani kaujenga Harith. Mama alipofika nchi hii alikaa miezi mitatu akilia kwamba nyumba haina uani. Wapi ataosha samaki, wapi ataparua nazi, wapi wanawake watakaa wakati wanaume wako mbele? Harith, fundi wa kuta, wa umeme na wa kila kitu, akamjengea: paa la plastiki, sakafu ya saruji, sinki kubwa la kuogea hata mtoto, mashine ya kufulia, na karo pembeni, shimo la kusukumia maji kwa fagio. Basi mwaka huohuo kila mama wa Kipemba na Kiunguja mtaa huu na mitaa ya jirani akataka wake. Harith akajenga wote. Wajane hakuwachukulia ujira. Ukipita na Harith barabarani hapa huendi hatua kumi bila mtu kumwombea dua.

Jumatatu, 27 Machi

Jana, kama kila Machi huku, saa zimesogezwa mbele saa nzima, nchi nzima imeamka na usingizi. Mashine yetu ya mtoni haina habari. Tumeiacha kwenye saa ya zamani kwa makusudi ili vipimo visiruke.

Ijumaa, 31 Machi

Tumekwenda kwa dobi, mie na Jennifer. Najuta.

Anaitwa Jedidah, Mkenya, mabega mapana, ovaroli ya buluu, kaacha mashuka yakizunguka nyuma yake akatusikiliza kasimama wima. Jennifer alieleza kwa upole wake ule wa kukata mtu bila damu. Jedidah akanigeukia mie.

"Wewe jina lako umesema Ibtisam? Wa Mombasa?"

"Pemba."

"Basi niambie kwa lugha inaingia. Huyu anasema nini juu yangu?"

Nikamwambia. Maji ya mto yana sabuni, wewe unafua, bomba liko chini yako.

"Maji yangu yana bomba lake na limekaguliwa. Nikimwaga mtoni mimi napata nini?"

Jennifer akasema mpaka ijulikane, mwenye jengo ataombwa mashine zisimame. Jedidah akawaangalia wasichana wawili waliokuwa wakikunja mashuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada," akaniambia tulipokuwa mlangoni, "angalia vizuri kabla hujaniandika."

Jumanne, 4 Aprili

Kiu. Upepo. Povu.

Alhamisi, 6 Aprili

Wamefika!

Parminder kafunua kisanduku cha kuwanasia kilicho juu ya ngazi akapiga ukelele mpaka mtu wa baiskeli akasimama. Walikuwa wamejaa ndani, wembamba kama tambi, wanapita mwanga, huoni kitu ila macho mawili meusi na uzi wa utumbo. Nikaingiza mkono. Wakanipanda vidoleni. Miaka miwili au mitatu wamechukuliwa na maji ya bahari, hawana mama wala baba wa kuwaonyesha njia, wakanusa maji matamu wakaja Hounslow. Hounslow!

"Wangejua," Parminder akasema, "wangekata kona kwenda Ufaransa."

Tuliwaweka kwenye tangi letu pale kizingitini, linalopitisha maji ya mto huohuo, wakae humo wazoee mpaka ripoti iseme wapande au warudi. Nimerudi nyumbani nina furaha ya kijinga. Nikamwonyesha mama picha. Akavaa miwani. "Masikini," akasema, "hata hawajapakwa rangi."

Jumatatu, 10 Aprili

Leo sikukuu ya Pasaka, ofisi imefungwa, Jennifer kaenda Wales na wanawe mpaka tarehe ishirini na nne. Nimekaa mezani na vipimo vya mashine, saumu imenikamata kichwa, na nimeona kitu ambacho sasa siwezi kuacha kukiona.

Mwanzoni povu lilikuwa likija ovyo, asubuhi kidogo, jioni kidogo. Tangu tarehe ishirini na nne Machi linakuja mara mbili, kwa adabu. Mara moja kabla ya alfajiri. Mara moja jioni, kubwa. Hilo la jioni kila siku linachelewa kidogo kuliko la jana. Hilo la alfajiri kila siku linawahi kidogo.

Nikasema labda zamu za dobi. Lakini saa zilipobadilishwa, zamu za watu wote wa nchi hii ziliruka saa nzima. Kwenye mashine yetu povu lingeruka pia. Halikuruka. Liliendelea kusogea polepole vilevile kama halikusikia habari za serikali. Tena kwa dobi Jedidah pamefungwa tangu wiki iliyopita, na jana Pasaka povu limekuja kubwa kuliko yote.

Nani katika London hii anafuata jua na hafuati saa ya ukutani?

Aliyefunga.

Niliinuka nikazunguka meza. Jioni linachelewa kwa sababu magharibi inachelewa. Alfajiri linawahi kwa sababu daku linawahi. Lile ni povu la vyombo vya futari na vyombo vya daku. Jennifer angeziangalia hizo hesabu mwaka mzima asione kitu, kwa sababu saa hiyo yeye hana njaa. Na mie hilo povu kubwa la jioni sikuwahi kuliona likitoka kwa macho yangu, kwa sababu saa yake siko mtoni. Saa ya povu niko kwa mama, uani, nimepandisha mikono, naosha masufuria.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikimsikia bibi akisema, nikidhani anazungumzia chawa.

Jumatano, 12 Aprili

Tuna dawa ya rangi ya kijani. Haina madhara, tone kidogo linageuza mto. Ukiimwaga kwenye sinki la mtu, unajua maji yake yanatokea wapi. Nilimwambia Parminder akae kwenye mdomo wa bomba la mvua na simu, kwamba najaribu nyumba moja tu.

Adhuhuri mama kalala. Nikaingia uani kama mwizi, nikamwaga chupa, nikafungulia maji. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaomba, wallahi nikaomba, isitoke.

Simu ikalia.

"Ibtisam, mto imekuwa kijani. Kijani kabisa, kama ya bendera. Hii ni nyumba gani?"

"Moja tu," nikasema. "Tutaitengeneza."

Akakata simu. Walimu wana kukata simu kwao.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimemwita Harith baada ya futari, nikamvuta uani, nikamwambia yote. Mto, mikunga, dobi wa watu aliyefungiwa kazi, rangi ya kijani.

"Nani alikwambia utie marangi kwenye sinki la mama?"

"Kaka, hilo bomba uliloliunga ni la mvua."

"Ndilo lililokuwa karibu."

"Linakwenda mtoni."

"Maji ya uani si yanakwenda zao?" Akanishangaa kwa kweli, hakuwa akijitetea. "Kwetu maji ya uani yalikwenda wapi? Kwenye migomba. Na migomba ikishukuru. Hujaona ndizi za nyuma ya jiko zilivyokuwa?"

Nimeona. Nilizila. Fundi mzuri, mwenye vyeti vyake vya kuta na vya umeme, na uani kaujenga jinsi mama yake alivyomwonyesha akiwa mtoto: maji yanatoka, ardhi inachukua. Sikuwa na la kumtukana. Mie mwenyewe, mtaalamu wa maji, nimeosha vyombo kwenye sinki lile miaka na sikuuliza.

"Ngapi, kaka? Umejenga ngapi hivi?"

Akatazama paa la plastiki. "Zote."

Halafu akanishika mkono. "Ibtisam, ngoja Idi ipite. Nitawaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa uso wangu. Ukiandika leo, watu wa kaunsili, hao serikali ya mtaa, watakuja kugonga milango. Unawajua hawa kina mama. Unajua wamekimbia nini. Mlango ukigongwa na mtu mwenye karatasi, mama halali wiki nzima."

Najua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa Januari ile ya 2001, baada ya maandamano, askari walipogonga kwetu Wete. Mama mpaka leo akisikia hodi ya nguvu anashika kifua.

Nikasema sawa. Idi ipite. Nikajiona mtu mwema.

Mama kutoka ndani: "Mnanong'ona nini huko?"

"Mambo ya bomba, mama."

Jumatatu, 17 Aprili

Mikunga hai. Wamekuwa weusi kidogo mgongoni, wanapata rangi. Nimewaambia wavumilie. Parminder kanisikia.

Jumatano, 19 Aprili

Nimepita mbele ya duka la dobi. Pamefungwa. Nimegeuza njia.

Ijumaa, 21 Aprili

Wasomali Idi leo. Sisi kesho, kama kawaida, na ubishi wa mwezi umetuchukua nusu ya siku kwenye simu.

Mama kaamka na fagio. Mkesha wa Idi lazima nyumba ioshwe, kuta, sakafu, makaro, mapipa. Alikuwa na madumu matatu ya blichi.

"Mama, leo blichi tuiache."

"Idi imepata kuingia nyumba chafu?"

"Basi maji tusiyasukume karoni. Nitayabeba kwa ndoo nikamwage choo cha ndani."

Akacheka mpaka akakaa. "Umeshikwa na nini wewe? Harith kakuwekea karo zima, wewe unabeba ndoo!"

Nikabeba. Ndoo baada ya ndoo, kupita sebule, zulia limelowa, mama akinisimulia kwa simu kwa shoga zake kama kichekesho. Mie nikajiambia nafanya haki. Lakini kila nilipotoka uani kuchukua ndoo nyingine nilikuwa nasikia, ng'ambo ya ua wa mbao, na ng'ambo ya ua wa pili, na wa tatu: mafagio. Kwa kina fulani, kwa kina fulani, kote wanasukuma maji karoni. Harufu ya blichi ilikuwa imejaa mtaa.

Ningeweza kugonga. Milango ilikuwa pale pale, wananijua wote, wangenifungulia wakicheka. Nilisimama na ndoo nikawaza ahadi niliyompa Harith. Kisha nikarudi ndani nikamenya vitunguu.

Jumamosi, 22 Aprili. Idi

Parminder kapiga simu nikiwa nimeshavaa, tunangoja wanaume warudi kwenye sala.

"Kuja," akasema. "Usiulize, kuja tu."

Nilikwenda na gauni la Idi na hina mikononi. Nilijua kabla sijafika. Kijitoni kulikuwa na utando wa mafuta na harufu ile ile ya uani kwetu. Parminder alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, hakuinuka.

Mkunga mchanga akiwa hai unaona ndani yake. Akifa anageuka mweupe, mzito, kama tambi iliyokolea nazi. Tangi lilikuwa jeupe tupu. Waliokuwa kwenye brashi za ngazi wamening'inia humohumo. Niliingiza mkono na hakuna aliyenipanda.

Nililia. Nimeandika hapa wazi kwa sababu kwenye ripoti hakuna pa kuandika hivyo. Nililia kwa sauti, gauni kwenye tope, na wale walikuwa ni vitu vya urefu wa kidole.

Parminder akaniacha mpaka nikamaliza.

"Ulisema nyumba moja."

"Nilisema."

"Hii si nyumba moja."

"Si nyumba moja. Nilijua tangu wiki iliyopita. Nilingoja Idi ipite."

Akanipa leso yake. "Sasa imepita," akasema, na hakunishika bega.

Nilirudi. Nyumba imejaa watu, biriani, watoto wanadai pesa zao za Idi. Harith akaniona mlangoni na tope langu, akajua. Akanifuata ukumbini.

"Kaka, wamekufa wote."

"Samaki?"

"Wote. Usiku wa kusafisha. Jumatatu naandika."

"Nimekwambia nitawaambia mie."

"Siku zote hizi umemwambia nani?"

Hakumwambia mtu. Kila siku alikuwa akienda kusali nao, na kila siku akiona haya, maskini kaka yangu, mtu wa kuombewa dua.

"Ukiandika," akasema taratibu, "usije ukaniita kaka."

Jumatatu, 24 Aprili

Nimeandika. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ni ya mama, kwa sababu ndiyo niliyoipima. Nikaeleza mwezi, magharibi, daku, blichi ya mkesha. Nikaandika tarehe niliyojua na tarehe niliyosema. Hatari: kubwa. Chanzo: kinajulikana, kinatengenezeka. Mlango wa ngazi ubaki umefungwa mpaka kila bomba lipimwe.

Jennifer kasoma mara mbili. "Sikuwa nimefikiria mwezi," akasema. Halafu akaniuliza kwa nini nilichelewa, nikamwambia, na aibu ikanipata upya kwa Kiingereza. Kaniandikia onyo. Halali yake.

Kisha nikaenda kwa Jedidah kwa miguu yangu. Alikuwa peke yake, anapangusa mashine zisizo na vumbi.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni sisi. Ni nyumba za kwetu, pamoja na ya mama yangu."

"Umejua lini?"

Nikamwambia.

"Kwa hivyo hizi wiki mbili mimi nakaa hapa naangalia hizi mashine, Bridget aliyekuwa anakunja mashuka ameenda kutafuta kazi kwingine, na wewe unajua."

"Najua. Nisamehe."

"Mungu atakusamehe," akasema Jedidah. "Mimi bado." Akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kuzunguka, na sikuwa na la kungoja pale.

Jumanne, 25 Aprili

Mama: "Umewapelekea watu wako serikali."

Nilijaribu kumwonyesha picha ya mikunga waliokufa. Hakuvaa miwani.

Jumamosi, 6 Mei

Wanamvika mfalme taji na mvua inanyesha. Nimetazama peke yangu, na mkate wa dukani.

Alhamisi, 11 Mei

Barua za kaunsili zimefika mtaani. Hawajagonga. Nilimwomba Jennifer kwa magoti kwamba wasigonge, watume barua, kwa Kiswahili, niliyoiandika mie. Miezi sita, kila mtu arekebishe. Nadhani hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa msimu huu.

Jumapili, 14 Mei

Harith hajapiga.

Jumapili, 21 Mei

Harith hajapiga.

Jumatano, 24 Mei

Mtoni kuna mkunga mmoja chini ya kizingiti. Parminder kaniita nimwone. Wanaendelea kuja, wachache, hawajui kilichowapata wenzao. Anapanda brashi mpaka kwenye mlango uliofungwa, anateleza, anapanda tena.

"Huyu hana akili," nikasema.

"Ana," akasema Parminder. "Mlango ndiyo haina." Ni mara ya kwanza tangu Idi kunitania. Nilifurahi mpaka nikamnunulia chai.

Jumapili, 28 Mei

Harith hajapiga. Nimempigia, simu imelia mpaka imechoka.

Jumamosi, 10 Juni

Joto limeanza. Asubuhi mama kapiga, na sauti yake si ile ya wiki zote hizi.

"Ndugu yako anachimba."

"Anachimba wapi?"

"Uani kwangu. Kaja alfajiri na sururu, hakusalimu vizuri, kavunja saruji yote. Nyumba imekuwa vumbi. Kaniambia nikuite, halafu akaniambia nisikuite. Basi mie nimekuita."

Nilikuta handaki kutoka kwenye sinki mpaka ukutani, na Harith ndani yake mpaka kiunoni, fulana imelowa. Bomba jipya la kijivu lilikuwa limepita chini kwa chini hadi kwenye bomba la maji machafu upande wa pili wa nyumba. Lile la zamani, la mvua, alikuwa ameliziba kwa saruji, na juu ya saruji mbichi kaandika tarehe kwa msumari. Karo pia kaligeuza. Hakunitazama.

"Asalaam alaykum," nikasema.

"Waalaykum salaam." Aliliambia handaki.

Mama akasimama katikati yetu na birika la chai asijue ampe nani kwanza. Nilimwambia Harith kazi ni nzuri. Akafukia kidogo. Akafukua tena pale pale alipofukia. Halafu, mgongo kwangu:

"Ile rangi yako. Imebaki?"

Ilikuwa kwenye mkoba. Ninatembea nayo siku hizi kama wengine wanavyotembea na marashi.

Nikampigia Parminder. Kwa bahati alikuwa mtoni, au tuseme Jumamosi zote yuko mtoni, hana pengine pa kwenda tangu mume wake afariki. Nikamwambia asimame kwenye mdomo wa bomba la mvua, asibanduke. Nikatoa chupa. Mama akaninyang'anya.

"Lete. Sinki langu."

Akamwaga yote, tone halikubaki, akafungulia maji kwa nguvu. Kijani kikazunguka kwenye sinki, kikazama. Nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti wazi. Harith akatoka handakini, akakaa kwenye ukingo, mikono imejaa saruji. Maji yakawa yanakwenda.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Maji," akasema Parminder.

"Rangi gani?"

"Ya maji."

"Mwambie angoje," Harith akasema. "Labda haijafika. Mara ya kwanza ilichukua muda gani?"

Tukangoja. Mama akasoma kitu chini kwa chini, nadhani ni dua ile ya safari. Mie nilikuwa nikitazama vidole vya kaka yangu, vilivyojenga nyua zote za mtaa huu kwa nia njema, vikibandua saruji kwenye kucha. Nikajua hakuwahi kunikasirikia mie tu. Mtu akiambiwa thawabu yake imeua kitu, atamkasirikia nani kwanza?

"Ibtisam?" simu ikasema.

"Naam."

"Hakuna kitu. Nimeangalia mpaka macho inauma. Maji tu, dada. Safi."

Mama akasema alhamdulillahi na akamimina chai, kikombe cha kwanza kwa Harith, cha pili kwangu, bila kufikiri. Harith akanywa kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto. Akafuta mikono kwenye suruali. Akachukua sururu yake akaiweka begani, akafika mlango wa uani, akasimama hapo mgongo kwangu.

"Nyumba ya pili ni kwa Bi Zuwena," akasema. "Una chupa nyingine?"

"Ninazo, kaka."

Akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Idi, kusikia neno lile. Hakunikataza.

"Basi twende," akasema, "kabla hajaanza kupika."